Wosia kwa Wapangaji Wangu Mnaokwenda Kufundisha

Wanangu,

Poleni na mitihani, hongereni kwa kumaliza. Najua mnafungasha. Wengine mnarudi makwenu Sumbawanga, Masasi na Kahama kusubiri usaili, wengine mmeshapata vipindi katika shule binafsi za Mbagala na Kigamboni. Nami nafungasha. Macho hayasomi tena hata kwa miwani, daktari ameshanionya juu ya moyo, na wanangu wa kuwazaa wamekata shauri nikakae nao Korogwe. Sitarajii kurudi tena Chang'ombe. Kwa hiyo yale niliyokuwa nikiwaambia barazani kidogo kidogo, umeme ukikatika na joto likiwatoa vyumbani, nayaweka hapa yote. Mimi nataja, mjukuu anaandika.

Mnajua kwamba nilisomea ualimu palepale mlipomaliza ninyi, enzi hizo pakiitwa Chuo cha Ualimu Chang'ombe, kabla Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE, hakijaanzishwa mwaka 2005. Nimefundisha msingi, nimefundisha sekondari, nimekuwa matroni wa bweni, na baada ya kustaafu nimekaa katika bodi ya shule. Mengi ya ualimu yatawafunza yenyewe. Kuandaa somo, kumudu darasa lililofurika, kuishi na mkuu wa shule mwenye hasira, hayo mtayaweza. Nawausia jambo moja ambalo chuoni mlipewa mihadhara michache, kisha mkaachwa mwamini kwamba shuleni yupo mwalimu wa malezi na unasihi atakayelishughulikia. Nawausia juu ya mtoto anayetaka kufa.

Msiruke ukurasa. Nawajua, mmezoea kuniambia, "Bibi, hayo tuyaache, tuzungumze mema." Tutayazungumza mema pia. Hili kwanza.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Karibu robo tatu ya vifo hivyo vyote hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Wala msiseme ni habari za mbali. Mwaka 2006 wanafunzi wa hapa hapa Dar es Salaam waliulizwa katika utafiti wa afya mashuleni, ule unaofanywa katika nchi nyingi, na takriban asilimia 7 walijibu kwamba ndani ya mwaka uliopita walikuwa wamefikiria kujiua. Upweke ulijitokeza wazi katika majibu yao. Sasa chukua darasa la watoto 60, ambalo kwa Temeke ni darasa dogo. Asilimia 7 ya darasa hilo ni watoto wanne. Wamekaa mbele yako, wamefungua daftari, wanakuitikia "shikamoo" kwa sauti moja na wenzao.

Wengi wao hawatajiua. Kufikiria si kutenda, na wengi hupita katika giza hilo wakatoka wakiwa wazima, hasa wakipata mtu wa kuzungumza naye. Ndiyo sababu nayaandika haya. Ingekuwa hakuna linalowezekana, ningewaacha mwondoke kwa amani.

Nitawasimulia juu ya mlinzi. Katika shule moja niliyofanya kazi, ambayo siitaji, getini alikaa mzee mmoja mstaafu wa jeshi. Asubuhi moja majina ya waliofeli mtihani wa majaribio yalisomwa mstarini mbele ya shule nzima, mmoja baada ya mwingine, kila aliyetajwa akitoka mbele. Kabla ya saa nne kijana mmoja wa kidato cha tatu akaja getini na begi lake. Akavua saa mkononi, akampa yule mzee, akasema, "Baki nayo, babu. Mimi sitaihitaji." Mzee hakuipokea, wala hakumfukuza arudi darasani. Alisogea kwenye benchi, akampa nafasi akae, akamuuliza taratibu, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za nyumbani: "Mjukuu wangu, unataka kujiua?" Kijana akalia. Akalia muda mrefu, kisha akasema ndiyo. Mzee akafunga geti, akamtuma mtoto aniite, na mpaka nafika alikuwa hajanyanyuka pale benchini. Kijana yule leo ni baba wa watoto, fundi wa magari, na akipita Chang'ombe huja kunisalimia.

Yule mlinzi hakuwahi kuhudhuria mafunzo yoyote. Alipokuwa jeshini alimzika rafiki yake, na akaapa kwamba siku nyingine ni afadhali aone haya kuliko kunyamaza. Na baadaye, semina ya unasihi ilipokuja wilayani, shule ilitakiwa kupeleka walimu wawili. Nikamtaja mlinzi. Nikaambiwa semina ni ya walimu.

Hapo ndipo penye jambo langu. Mtoto aliyeelemewa hachagui mtu kwa cheo. Haangalii ni nani mwenye cheti cha unasihi wala ni mlango gani umeandikwa "Malezi". Anamwendea aliye karibu na asiyemtisha: mpishi anayempa ukoko wa uji, karani anayemwandikia barua ya uhamisho, mama anayeuza vitumbua nje ya ukuta, mwalimu wa zamu, dereva wa basi la shule, matroni. Au hamwendei yeyote, anaacha tu alama zake mahali, na anayeziona ni yule anayepita pale kila siku. Kumfunza mwalimu mmoja peke yake katika shule nzima ni sawa na kumfunza nahodha peke yake kuogelea kwenye pantoni la Kigamboni. Nataka mafunzo haya yawafikie wote wanaolipwa mshahara au posho na shule, na yule muuza vitumbua pia, asiyelipwa na mtu.

Sasa niwaambie yaliyomo, kwa sababu wengi hudhani ni elimu nzito ya madaktari. Si nzito. Mafunzo ya namna hii yameshafika kwetu. Mkoani Arusha walimu wa sekondari walifunzwa kwa mtaala wa afya ya akili ulioandaliwa na Dk. Stan Kutcher wa Canada pamoja na wataalamu wa Kitanzania, akiwemo Dk. Omary Ubuguyu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Kwa mafunzo ya siku chache tu, walimu walitoka wakijua zaidi, wakiwanyanyapaa wagonjwa wa akili kidogo kuliko mwanzo, na wakiwa tayari kutafuta msaada kwa ajili yao wenyewe na wengine. Serikali nayo, kupitia mpango wa Shule Salama ulio ndani ya mradi wa SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi, imekuwa ikiwajenga walimu wa unasihi na ulinzi wa mtoto. Msingi upo. Ninachowaomba ni kuutandaza.

Kwanza ni kuona. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akaanza kukaa peke yake mapumziko. Aliyekuwa wa tano akawa wa hamsini. Anayelala darasani kila siku kwa sababu usiku halali. Anayegawa vitu vyake, kalamu, sweta, daftari zenye notisi nzuri. Anayeaga. Anayesema "mtanikumbuka" au "bora nisingezaliwa". Mwenye majeraha mikononi anayoyaficha kwa mikono mirefu ya shati wakati wa joto la Februari. Na mwangalieni sana yule aliyekuwa na huzuni ya muda mrefu kisha ghafla akatulia, uso ukakunjuka, bila jambo lolote kubadilika katika maisha yake. Watu hufurahi wakidhani amepona. Wakati mwingine ametulia kwa kuwa ameshaamua.

Ninyi mtakaofundisha Kiswahili mnao mlango ambao mwalimu wa hisabati hana. Mwenzangu mmoja aliwahi kunionyesha insha ya binti wa kidato cha pili. Mada ilikuwa "Siku Nisiyoisahau". Binti alikuwa ameandika juu ya siku ambayo haijafika: nani atalia, nani hatakuja, kanga zake apewe mdogo wake yupi, na mama yake asilaumiwe. Kwa kalamu nyekundu msahihishaji aliyetangulia alikuwa amepiga mstari chini ya "hawata kuja" akaandika pembeni, "Liunganishwe." Chini akampa alama kumi na tatu juu ya ishirini na maneno "Zingatia aya." Aya zenyewe zilikuwa zimepangwa vizuri. Mwenzangu yule aliacha alichokuwa akifanya, akamtafuta binti kabla kengele ya kutoka haijalia. Yu hai. Basi mkisahihisha, someni mtoto anasema nini kabla hamjaangalia ameandikaje.

Baada ya kuona ni kuuliza, na hapa ndipo watu wazima wanapokwama. Nilipokuwa kwenye bodi tuliwahi kumwita mnasihi aje atufanyishe mazoezi, watu wote wa shule, hata wapishi. Alitupanga wawili wawili. Mmoja awe mwanafunzi, mwingine amuulize: "Je, unafikiria kujiua?" Ukumbi ulijaa kikohozi. Walimu wa miaka mingi, wenye sauti za kusikika uwanja mzima, walishindwa kuyatoa maneno matatu. Mmoja akauliza, "Huwazi mambo mabaya, sivyo?" Mnasihi akamsimamisha. Swali la namna hiyo linamwambia mtoto ni jibu gani unalotaka kusikia, naye atakupa hilo, atasema "hapana mwalimu" na ataondoka na siri yake. Alitufanya turudie mpaka midomo ikazoea. Aliyefanya vizuri kuliko wote alikuwa mpishi.

Mtaambiwa kwamba ukimuuliza utamtia wazo hilo kichwani. Sivyo. Shirika la Afya Duniani limelieleza hili wazi: kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumsukumi kujiua, na mara nyingi humpa nafuu kwa sababu hatimaye mtu amethubutu kuligusa lile linalomla. Muulize faraghani, mkiwa mmekaa, simu yako umeiweka kando. Akijibu ndiyo, usishituke mbele yake. Usimkatize kwa hotuba. Dini zetu zote mbili zimekataza kujiua, na mtoto analijua hilo, amelisikia madrasa na kanisani tangu mdogo. Wakati ule akilisikia tena kwako atasikia hukumu tu, na atafunga mdomo. Msikilize kwanza. Mwambie umefurahi kwamba amekuambia. Muulize kama ana mpango, na kama ana kitu cha kujidhuru karibu. Kisha usimwache peke yake, hata kwenda msalani, mpaka amefika mikononi mwa mtu mwingine anayeaminika.

Wala usimwahidi kwamba utatunza siri. Atakuomba. Atakuapisha. Mwambie ukweli kwa upole: "Haya sitayatangaza, lakini sitayabeba peke yangu, kwa sababu nataka uishi." Watoto wanaelewa zaidi ya tunavyodhani. Kisha mwende pamoja, wewe na yeye, kwa mwalimu wa malezi na kwa mkuu wa shule, na kutoka hapo hospitali. Hapa kwetu ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, na kwa mazito ni Muhimbili. Mtakaopangiwa Dodoma iko Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na tafadhali muwe wa kwanza kukataza watu kulitumia jina la hospitali hiyo kumtishia mtoto. Huko ni mahali pa matibabu, na mtoto aliyetishiwa nako hatakubali kupelekwa siku anayopahitaji. Mzazi aitwe mapema. Lakini ikiwa maumivu yanatoka nyumbani kwenyewe, mtoto anapigwa au anaingiliwa na mtu wa nyumba ile, basi kabla ya kumwita mzazi mwende kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, la sivyo mtakuwa mmemrudisha mtoto kwa anayemwumiza.

Mzazi mwingine atasema mtoto amerogwa, au ana jini. Msibishane naye pale, hamtashinda na mtapoteza muda. Mwambieni: hospitali kwanza, leo, dua na maombi yaendelee. Nimeona masheikh na wachungaji wanaowaambia wazazi hivyohivyo, nao wana nguvu kuliko sisi. Watafuteni mapema, kabla hamjawahitaji.

Kuna jambo linalowafanya wazazi wafiche, nalo ni sheria. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kwa hiyo mtoto anaponusurika, nyumbani husemwa ameumwa tumbo, ameteleza, na daktari hapewi ukweli anaouhitaji. Wenzetu wameanza kutoka huko. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachosema jambo lilelile, kinakwenda kinyume na Katiba yao. Ghana nayo ilifuta kosa hilo mwaka 2023. Naomba kwa moyo wote wabunge wetu nao walifute. Mpaka hapo, ninyi msiwe wa kutamka neno polisi mbele ya mtoto aliyenusurika. Aliyetaka kufa ni mgonjwa anayehitaji tiba, na mtu wa kumtia pingu hana la kumpa.

Sasa nifike kwenye lile litakalowakera baadhi yenu, maana nimewasikia mkisema fimbo ndiyo lugha ya mtoto wa uswahilini.

Mafunzo haya hayana kazi katika shule inayoaibisha. Huwezi asubuhi kumchapa mtoto na kumwita mzigo mbele ya wenzake, kisha mchana umwulize kwa upole kama ana mawazo ya kujiua. Hatakuambia. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zenyewe zinasema mwenye mamlaka ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari maalumu. Nendeni mkaulize hilo daftari liko wapi. Shule nyingi kila mwenye chaki ana fimbo. Mimi ningependa ziondoke zote, na sioni sababu ya kulificha hilo kwenye wosia.

Aibu ya matokeo nayo ni vivyo hivyo. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, na lilifanya vyema. Lakini bado kuna shule zinazobandika ukutani orodha ya darasa zima kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho hupita mbele ya karatasi ile kila siku kwenda kunywa maji. Msibandike. Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wengi wako nyumbani na hakuna mwalimu karibu. Siku hiyo chukueni simu. Mpigie yule unayejua hakufaulu, mwambie tu umempigia kumjulia hali. Hapa Chang'ombe tuna VETA, wanatoka mafundi wanaojenga nyumba za hao waliofaulu. Mtoto akiambiwa hivyo na mwalimu wake, siku ileile, anasikia.

Wavulana muwape jicho la ziada. Duniani wanaume wanaokufa kwa kujiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake, na sisi tumewalea kwa kuwaambia mwanamume halii. Mwacheni alie.

Tena msidhani kwamba walimu wakishafunzwa kazi imekwisha. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa ulioongozwa na Danuta Wasserman wa Sweden, uliofanyika katika nchi 10 za Ulaya, shule 168, wanafunzi zaidi ya 11,000. Shule ziligawanywa kwa kura. Katika baadhi yake walimu walifunzwa kutambua dalili, kuuliza na kuelekeza, kwa utaratibu ulioanzishwa na Mmarekani Paul Quinnett. Katika nyingine wanafunzi wenyewe walikaa pamoja, wakaigiza, wakazungumza juu ya msongo, huzuni na jinsi ya kumsaidia rafiki. Nyingine wanafunzi walipimwa kwa dodoso, na nyingine zilipewa mabango tu ya kubandika. Baada ya mwaka mmoja, walikopungua wanaojaribu kujiua, kwa karibu nusu, ni kule walikofunzwa wanafunzi. Mafunzo ya walimu peke yao hayakuonyesha tofauti ya kutosha.

Nilipoelezwa habari hiyo mara ya kwanza ilinisumbua, mimi niliyekuwa nimepigania semina za walimu. Lakini nikiitazama, inaelewana na niliyoyaona bwenini. Mtoto humwambia mtoto mwenzake kwanza. Rafiki yake ndiye anayejua usiku wa manane, naye amekaa na siri hiyo hajui aifanyeje, anaogopa kumsaliti mwenzake, anaogopa kuchapwa. Kwa hiyo wafunzeni watu wazima wote wa shule, ili mtoto anayekuja kusema "mwalimu, rafiki yangu hayuko sawa" apokewe na mtu anayejua la kufanya. Na wafunzeni watoto, ili aje. Klabu za shule mnazo, vipindi vya dini mnavyo, jioni za bweni mnazo. Wapeni igizo. Watoto wa Temeke kwa maigizo hamtawaweza, watawafundisha ninyi.

La vitu hatari nalisema kwa ufupi. Kabati la maabara lifungwe na funguo ziwe na mwenyewe. Dawa za shamba la shule na za kuulia wadudu zisikae stoo iliyo wazi. Dawa za wagonjwa bwenini azishike matroni. Sri Lanka ilipopiga marufuku sumu kali za mashambani kuanzia miaka ya 1990, vifo vya kujiua vilishuka kwa zaidi ya theluthi mbili. Hamu kali ya kufa mara nyingi hupita baada ya saa chache, na kufuli hununua saa hizo.

Na ikitokea mmempoteza mtoto, Mungu aepushe, msiwakusanye wanafunzi mstarini na kuwasimulia alivyofanya. Waambieni darasa kwa darasa, kwa maneno machache na ya kweli. Msimtukane marehemu, msimfanye shujaa. Barua aliyoacha na picha zisiingie kwenye makundi ya WhatsApp, hata la walimu. Kaeni karibu na marafiki zake, waliokaa naye dawati moja, na yule aliyegombana naye wiki ile, kwa wiki nyingi baada ya mazishi. Watu wakishatawanyika na turubai kushushwa, hapo ndipo huzuni yao huanza kufanya kazi.

Na ninyi wenyewe, wanangu. Mwalimu naye ni mtu. Nimewaona walimu wanaofika kazini wakiwa wamechukua mikopo ya kausha damu mahali pawili, kadi ya benki iko kwa mkopeshaji, nyumbani hakuna unga, na darasani wanatakiwa wawe na uso mkunjufu. Wengine mtasubiri ajira miaka, mkijitolea bila mshahara huku ndugu wakiuliza digrii ile ilikuwa ya nini. Mkielemewa, semeni. Mwambieni mwenzenu, nendeni hospitali ileile mnayowapeleka watoto, na msione haya kuketi kwenye benchi lake. Hata mkinipigia Korogwe nitapokea, maadamu nipo. Namba yangu mnayo, mmekuwa mkinitumia kodi kwayo.

Nawaomba mfanye haya mkifika. Wiki ya kwanza mwombe mkuu wa shule nusu siku, na mwombe mnasihi au muuguzi wa afya ya akili wa wilaya aje kuwafunza watu wote wa shule, mlinzi na mpishi wakiwemo. Mkiambiwa hakuna fungu, msisubiri fungu: kaeni wenyewe wawili wawili, fanyeni mazoezi ya kuuliza swali lile mpaka midomo izoee. Tarehe 10 Septemba, ambayo tangu mwaka 2003 ni Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani, wapeni watoto jukwaa. Na andikeni kwenye ubao wa kila darasa, juu, pasipofutwa, namba ya Simu ya Huduma kwa Mtoto: 116. Haina malipo, kwa mtandao wowote.

Bibi yenu,
Chang'ombe